Bunduki ni neno moja, silaha ni nyingi

Mwanafunzi wangu wa zamani, niliyemfunza isimu miaka mingi iliyopita, sasa anaishi Alaska, jimbo la Marekani ambako dubu huonekana hata pembezoni mwa miji. Mwezi uliopita aliniandikia kwenye WhatsApp: “Shikamoo Mwalimu. Nimepewa kazi ya tafsiri huku. Naomba uipitie kabla haijachapishwa.” Kazi yenyewe ilikuwa karatasi ya ushauri kwa wageni wazungumzao Kiswahili, wengi wao kutoka mashariki mwa Kongo. Ukienda kuvua samaki au kuchuma matunda ya porini, utajikinga vipi na dubu? Na ukiamua kubeba silaha, utachagua ipi?

Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Sasa ni wiki ya tatu, na nakiri kwamba karatasi ile, kama ingetoka ilivyokuwa, ingeweza kumuua mtu. Kosa lililoniogofya zaidi halikuwa la kijana. Lilikuwa langu.

Tuanze na lake. Matini ya Kiingereza ilitaja silaha tatu tofauti kabisa. Tafsiri ilitaja “bunduki” mara tisa, na basi. Kijana alijitetea kwamba kamusi ndizo zinamwambia hivyo, na kweli hakuwa amedanganya. Ukitafuta katika kamusi nyingi za Kiingereza na Kiswahili utaona kila chombo chenye mtutu kimetupwa kwenye kapu moja la “bunduki”.

Neno hili limesafiri. Waarabu waliuita mbegu fulani ya mti, ngumu na ya mviringo, *bunduq*, jina lililotokana na Kigiriki kwa sababu mbegu hiyo ilihusishwa na nchi za kandokando ya Bahari Nyeusi. Baadaye likawa jina la vijiwe vya kurushwa kwa upinde, kwa kuwa vilifanana na mbegu, na baruti ilipoingia, likahamia kwa chombo kinachorusha. Risasi nayo ni jina la madini kwanza, yale mazito ya kijivu yanayoyeyuka upesi, kabla ya kuwa jina la kitu kinachotoka mtutuni. Mzinga ulikuwa gogo lililotobolewa la kufugia nyuki, kisha ukawa silaha ya kubomolea ngome, na siku hizi vijana wetu wanaupiga mjomba akishapokea mshahara. Maana huhama. Hatari iko pale inapohama bila mtumiaji kujua imefika wapi.

Kwa kuwa mimi si mtu wa silaha, nilimwendea jirani yangu hapa Kiganjo. (Kila nikitaja Kiganjo watu hudhani ni ile ya Nyeri, wanakofunzwa polisi kulenga shabaha. Yangu ni ya Thika. Jina ni moja: katika Gikuyu ni mahali palipokuwa na boma likahamwa, na Kiswahili kina “ganjo” kwa maana iyo hiyo ya mahame.) Jirani huyu alistaafu akiwa askari wa wanyamapori, na miaka yake mingine aliimalizia Kilimambogo, mlima tunaouona kutoka huku, ambao umekuwa mbuga ya taifa tangu 1967 na ambao mbogo wake hawajasahau kwamba ndio waliopewa jina.

Nilikwenda nikijivuna. Pale ambapo Kiingereza kilipendekeza bunduki ya mtutu mpana iliyojazwa risasi za donge moja, nilikuwa nimefuta “bunduki” ya kijana na kuandika “bunduki ya marisau”, neno zuri la zamani ambalo wasomaji wangu wa pwani watalikumbuka. Afande akasoma, akavua miwani.

“Prof, huyu mtu unataka aliwe?”

Nikamuuliza kwa nini.

“Marisau ni ya kanga na kwale. Ni punje. Zinatawanyika. Mbogo ukimpiga nazo unamkasirisha tu, sasa huyo dubu wako si ndiyo atakuja mbio?”

Alikuwa sahihi na mimi nilikuwa nimekosea vibaya. Silaha ni ileile, lakini kinachoingizwa ndani ndicho kinachoamua. Ukiijaza punje ndogo ni ya ndege. Ukiijaza donge moja zito la madini, hadi karibu gramu 30, linapenya misuli na kuvunja mfupa mnyama akiwa karibu. Neno langu zuri lilimpa msomaji silaha sahihi na risasi ya kumwangamiza. Sasa tumeandika “bunduki ya mtutu mpana, iliyotiwa risasi za donge, SI marisau”. Haipendezi masikioni, najua.

Silaha ya pili ni ile ambayo wengi hutamka “raifo”. Tofauti yake iko ndani ya mtutu: kuna mifuo iliyochongwa kwa kuzunguka, nayo huifanya risasi izunguke kama pia na kwenda moja kwa moja kwa mbali. Nilipendekeza “bunduki ya mifuo”. Afande alicheka, akasema hakuna askari atakayeitambua. Tumeandika “raifo”, na mifuo nimeieleza katika mabano. Mtaalamu wa istilahi lazima ajue wakati wa kushindwa.

Kisha likaja suala la ukubwa. Karatasi ilishauri kipenyo cha .30-06 kwenda juu, na ikasifu .375. Kipenyo hicho cha pili kilibuniwa 1912 na kampuni ya Holland & Holland ya London, na wawindaji wa Afrika Mashariki walikijua sana kabla Kenya haijapiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kwa hiyo mwongozaji wa Alaska anayekabili dubu na mwindaji wa zamani aliyekabili mbogo huku kwetu wangeweza kubadilishana silaha bila kuulizana maswali. Lakini kijana alikuwa ametafsiri “bunduki kubwa”. Kubwa vipi? Ndefu? Nzito? Bei? Mgeni angeweza kununua kitu kirefu cha kutisha ambacho risasi yake ni ndogo kama ya panya buku. Linalotakiwa hapa ni “yenye risasi nzito”, na baada yake namba, ili aionyeshe dukani.

Na hata uzito wa risasi haumalizi mambo. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa raifo ya milimita 7 ambayo wenzake waliiona ya swala. Alijua ubongo wa ndovu uko wapi. J. H. Patterson, yule wa simba wala watu wa Tsavo wa 1898, anasimulia kitabuni mwake jinsi alivyoazima bunduki yenye nguvu kuliko yake, akakutana na simba karibu kabisa, akafyatua, ikakataa kulia. Afande alikisikia kisa hicho akatikisa kichwa: “Bunduki ya kuazima ni kama kiatu cha kuazima.” Nimeomba karatasi iongeze sentensi moja: silaha ambayo hujaifanyia mazoezi usiitegemee.

Bastola ni ya tatu. Inakaa kiunoni, mikono yako iko huru kuvua samaki, na hiyo ndiyo sifa yake. Udhaifu ni kwamba mkono unaotetemeka unaikosesha shabaha upesi. Dubu akikimbia hufikia karibu kilomita 50 kwa saa, maana yake akiwa mita 30 una sekunde mbili na kidogo. Jaribu kuhesabu.

Ni hesabu hiyo iliyowafanya watafiti Tom Smith na Stephen Herrero na wenzao wachunguze kama silaha husaidia kweli. Katika makala yao ya 2012 walichambua matukio 269 ya Alaska, na hawakuona tofauti ya maana ya majeruhi kati ya waliotumia silaha na waliokuwa nayo wasiitumie. Miaka minne kabla ya hapo walikuwa wamechambua kopo la pilipili la kupulizia, wakakuta lilimzuia dubu katika asilimia 90 au zaidi ya matukio. Ndiyo maana karatasi inaliweka kopo hilo kwanza, kabla ya bunduki yoyote.

Sasa soma kijana alivyolitafsiri: “dawa ya dubu”.

Hebu fikiria mama aliyetoka Bukavu. Dawa ya mbu hujipaka mwilini. Dawa ya kunguni hupulizia kitanda. Akipewa “dawa ya dubu” atafanya nini, kama si kuwapulizia watoto mikononi na usoni kabla ya kwenda msituni? Na ndani ya kopo ni ukali wa pilipili uliokolezwa. Wapo hata Waingereza wa lugha waliowahi kujipulizia wakidhani ni kama ya mbu, na wao waliisoma kwa lugha ya mama. Tumeandika “pilipili ya kumpulizia dubu usoni”, tukaongeza “usijipake”, na kwamba hufika takriban mita saba hadi tisa tu, hivyo usipulize mapema.

Dubu mwenyewe ni mgeni kwetu. Jina tumelipata kwa Kiarabu, na wengi wetu tulikutana naye katika Biblia, Daudi akijigamba mbele ya Sauli. Walowezi waliovumisha habari za “dubu wa Nandi” mwanzoni mwa karne ya 20 hawakuwahi kumleta hata mmoja. Dubu pekee aliye katika nyumba zetu ni tedi, mwanasesere aliyepewa jina la Theodore Roosevelt baada ya kukataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa, mwaka 1902. Roosevelt huyohuyo alikuja 1909 akafikia shambani kwa McMillan huko Juja, mwendo mfupi kutoka hapa, na safari hiyo yeye na mwanawe walipiga wanyama 512. McMillan amezikwa Kilimambogo.

Kutokana na ugeni huo, kijana alitafsiri aina mbili za dubu kwa rangi: “dubu mweusi” na “dubu wa kahawia”. Kamusini ni sawa. Porini si sawa, kwa sababu wapo “weusi” wengi wenye manyoya ya kahawia. Na ushauri hutofautiana: dubu wa kahawia akikuvamia kujilinda, lala kifudifudi ujifanye umekufa, mweusi akikuvamia, pigana naye. Msomaji akiamua kwa rangi anaweza kulala mbele ya asiyepaswa kulaliwa. Alama ya kutegemewa zaidi ni nundu mabegani, kama ya ng'ombe wetu wa kienyeji. Nimependekeza “dubu wa nundu”. Mkongo atalielewa mara moja, na mtu wa Thika pia.

Limebaki jambo moja ambalo bado tunabishana. Karatasi inasema “piga risasi”. Ukisema “piga risasi hewani” ni sauti ya kumtisha. Ukisema “mpige risasi” ni kwamba imempata. “Mfyatulie risasi” inaeleza tu umeelekeza wapi, si kama imefika. Kijana anataka “piga” kote, kwa kuwa ndilo neno la watu. Mimi nataka “fyatua hewani” kwa kutisha na “mpige” kwa kuua, na katika lile la kuua iongezwe mahali: chini ya kidevu, katikati ya kifua, dubu akija uso kwa uso. Jana usiku alinijibu: “Sawa Mwalimu, lakini mtu akiwa na sekunde mbili hatasoma vitenzi.” Nimemwambia achore picha.