DVD ya Matabaka Mawili: Chagueni Wenyewe Mahali pa Kuvukia

Kuna vikundi vya kujisaidia ambavyo hupata senti zao kwa kupiga video za harusi, mazishi na harambee. Siku hizi wateja wengi wanataka video yao kwenye simu au flashi, na kompyuta mpya nyingi hazina hata mahali pa kutia DVD. Lakini bado kuna nyumba zenye deki, na bado kuna wazee ambao kwao sherehe haijaisha mpaka sahani iwe mkononi na jina limeandikwa juu yake. Vikundi vinavyowahudumia hao ndivyo tunavyoviandikia leo.

Mwaka 2014 kikundi kimoja cha vijana tunachokitembelea kilipiga video ya harusi. Video ilikuwa ndefu, dakika 200, kuanzia kumtoa bibi harusi nyumbani hadi zawadi ya mwisho. Haikuingia kwenye DVD ya kawaida, kwa hiyo wakanunua zile zenye herufi DL, yaani za matabaka mawili. Wakachoma sahani sita, wakazijaribu kwa kompyuta yao dakika chache za mwanzo, wakalipwa. Mambo yakaisha vizuri.

Miezi michache baadaye baba wa bibi harusi akafariki. Jioni moja ya matanga, watu wakiwa wamejaa sebuleni, familia ikatia ile sahani kwenye deki ili wamsikie mzee akiongea na binti yake. Mzee akasimama, akashika kipaza sauti, akaanza. Katikati ya sentensi picha ikaganda. Wakatoa sahani wakaipangusa, wakarudisha. Ikaganda pale pale. Wakaomba sahani ya shangazi: pale pale tena.

Kesho yake mama alikuja kwa wale vijana. Hakugombana, aliuliza tu, "Mbona mlinikatia mzee maneno?" Vijana walidhani sahani ni feki. Hata sisi tulidhani hivyo. Kumbe sahani sita zote zilikuwa nzima, na maneno ya mzee yalikuwamo yote. Shida ilikuwa ni mahali ambapo deki hutakiwa kuvuka kutoka tabaka la kwanza kwenda la pili. Mahali hapo hapakuchaguliwa na mtu. Programu ya kuchomea ilijichagulia yenyewe, na ikaangukia hotuba ya mzee.

Sasa tueleze jinsi sahani hii ilivyo. DVD ina unene wa milimita 1.2, nayo ni sahani mbili nyembamba zilizogundishwa pamoja. Ile ya kawaida ina tabaka moja la kuandikia na hubeba gigabaiti 4.7. Ile ya DL ina matabaka mawili, moja nyuma ya lingine, na nafasi kati yao ni ndogo mno, karibu sawa na unene wa unywele. Tabaka la kwanza linapenyeza mwanga kiasi, hivi kwamba leza ya deki inaweza kulisoma hilo, kisha ikabadilisha shabaha yake na kusoma la pili kupitia hapo hapo. Sahani za DL za kuchoma nyumbani zilianza kuuzwa mwaka 2004, na hubeba gigabaiti 8.5. Msitishike mkiona kompyuta inaandika 7.95. Sahani ni ile ile: mtengenezaji huhesabu kwa elfu elfu, na kompyuta huhesabu kwa 1,024.

Mtauliza, kama tabaka moja ni 4.7, mbona mawili si 9.4? Ni kwa sababu kwenye sahani ya DL alama huandikwa kubwa kidogo ili zisomeke vizuri, kwa hiyo kila tabaka hubeba kama 4.27 tu.

Jambo la kushika sana ni njia ambayo leza inapitia. Fikirini ng'ombe wa plau. Wanaanza upande mmoja wa shamba, wanafika mwisho, wanageuka, wanarudi na mtaro mwingine. DVD ya video hufanya vivyo hivyo. Leza inaanza karibu na tundu la katikati, inasoma tabaka la kwanza ikienda nje, halafu inageuka na kusoma la pili ikirudi ndani. Pale inapogeuka ndipo pa kuvukia. Leza ikigeuka hukosa shabaha kwa muda mfupi, na deki hutegemea akiba ndogo ya picha iliyo kwenye kumbukumbu yake. Akiba ikiisha kabla leza haijashika tabaka la pili, picha husimama. Kwa deki nzuri ni nusu sekunde, au hata huoni. Kwa deki ya zamani ni sekunde moja au zaidi, na kama mahali penyewe hapakutayarishwa, deki nyingine hukwama kabisa. Hata sinema kubwa za Marekani zilizotolewa kwa DVD huwa na kituo hicho, ila watengenezaji wake hukiweka pale ambapo tukio moja limeisha na lingine halijaanza.

Kwa hiyo kuvuka lazima kuwepo. Ninyi mnachoweza ni kuamua kuwe wapi, na si popote mtakapo, kwa maana kuna sheria mbili.

Sheria ya kwanza inatokana na yule ng'ombe wa plau. Kurudi hakuwezi kuwa kurefu kuliko kwenda. Ukigeukia hatua mia moja, una hatua mia moja tu za kurudi. Basi tabaka la pili haliwezi kubeba zaidi ya la kwanza, na mahali pa kuvukia hapawezi kuwa kabla ya nusu ya mzigo wenu. Sheria ya pili ni kwamba tabaka la kwanza lina mwisho wake. Kompyuta hugawa sahani kwa vipande vidogo viitwavyo sekta, kila kimoja baiti 2,048, na tabaka moja la sahani ya DVD+R DL lina sekta 2,086,912. Huwezi kupita hapo.

Tuhesabu ile harusi. Video nzima ilikuwa karibu sekta 3,600,000. Nusu yake ni 1,800,000. Kwa hiyo mahali pa kuvukia palipaswa kuwa kati ya sekta 1,800,000 na 2,086,912. Tukigeuza kuwa muda, na tukichukulia kwamba kila dakika ilikula nafasi sawa, hiyo ni kuanzia dakika ya 100 hadi kama dakika ya 116. Vijana walikuwa na dirisha la dakika 16 za kuchagua. Programu yao, kwa vile haikuambiwa kitu, ilijaza tabaka la kwanza mpaka ukingoni, dakika ya 116, na dakika ya 116 ndipo mzee alikuwa ameanza kusema.

Hapo mwaona pia kwa nini si vizuri kuijaza sahani hadi pomoni. Mzigo ukiwa gigabaiti 8.5 kamili, nusu na mwisho wa tabaka vinakutana, na dirisha limefungwa: patakapoangukia ni hapo hapo, awe bibi harusi anaapa au watoto wanalia. Ukiacha gigabaiti moja bila kuijaza, dirisha linafunguka. Tumeona vikundi vikijivunia kwamba vimejaza sahani yote bila kupoteza nafasi. Nafasi hiyo haipotei.

Sasa kazi yenyewe. Andikeni kwenye karatasi urefu wa video na ukubwa wake, mtafute dirisha kama tulivyofanya. Kisha mmoja wenu aketi na atazame dakika hizo zote, siyo kwa kurukaruka. Anatafuta mahali ambapo hakuna anayeongea na hakuna wimbo unaoendelea: watu wanatembea, magari yanaondoka, picha inafifia na kuwa nyeusi. Wimbo ni mbaya kuliko hotuba, kwa maana sikio hushtuka mara moja mdundo ukikatika. Aandike dakika na sekunde. Msichague mahali pamoja tu, chagueni hata patatu au panne, kwa sababu ile hesabu ya dakika ni ya kukadiria. Dansi zenye vumbi na mwendo mwingi hula nafasi kuliko padre aliyesimama mahali pamoja.

Mahali hapo pote wekeni mwanzo wa sura, yaani zile alama ambazo mtu akibonyeza rimoti anaruka mbele. Hapa ndipo vijana wetu walipokosea zaidi. Walitengeneza video nzima kama kipande kimoja, dakika 200 bila sura hata moja. Ndani ya DVD video hugawanywa kwa vipande viitwavyo seli, na kila sura huanza na seli mpya. Mahali pa kuvukia panatakiwa kuwa mwanzoni mwa seli, na deki iwe imeandikiwa kwamba hapo kuna kusimama kidogo. Kukiwa hakuna mwanzo wa seli ndani ya dirisha, programu haina pa kuegemea, hukata tu, na deki ya zamani inafika pale bila kujua kinachoendelea.

Kuna neno moja zaidi la kiufundi. Sahani huandikwa kwa mafungu ya sekta 16, basi kuvuka lazima kuanzie penye namba inayogawanyika kwa 16. Msihangaike na hesabu hiyo. Programu nzuri huongeza sekta tupu chache kabla ya faili za video ili seli mliyochagua ikae sawasawa. ImgBurn, ambayo ni ya bure na toleo lake la mwisho lilitoka mwaka 2013, hufanya hivyo kwenye kompyuta za Windows. Mkiipa faili za DVD na sahani ya DL inawafungulia orodha ya mahali panapowezekana, na mnaweza kutazama picha ya kila mahali kabla ya kukubali. Wengi hubonyeza kukubali bila kusoma. Tafadhali, tumieni dakika tano hapo. Na kama mtaweka kazi kwenye faili moja ya ISO ili mchome baadaye, hifadhini pia ile faili ndogo inayotengenezwa pamoja nayo, kwa sababu ndiyo inayokumbuka mahali mlipochagua, na mkichoma mwanzieni kwa hiyo ndogo.

Kuna njia ambayo sisi tunaipenda kuliko zote. Gawanyeni video iwe sehemu mbili zinazojitegemea, kwa mfano ibada iwe yake na karamu iwe yake, na ile nzito itangulie. Kuvuka kukiwa kati ya sehemu hizo mbili hakuna atakayetambua, maana deki husimama kidogo hapo kwa kawaida yake. Na kama mteja hajali kuwa na sahani mbili, mpeni DVD mbili za kawaida mwachane na matabaka. Deki kuukuu husoma sahani za tabaka moja kwa urahisi zaidi.

Mkishachoma, jaribuni sahani kwenye deki mbovu kuliko zote mnazoweza kuazima, siyo kwenye kompyuta. Si lazima mtazame dakika 200. Anzieni dakika mbili kabla ya mahali pa kuvukia, muiache ijiendee yenyewe mpaka ipite. Msiruke kwa rimoti, kwa sababu ukiruka deki inatafuta mahali upya na haivuki kama kawaida.

Wale vijana, kwa bahati, hawakuwa wamefuta faili za harusi ile. Walirudi wakatazama dirisha lao, wakapata dakika ya 108: picha za kukumbuka zimeisha, watu wanatembea polepole kwenda kwenye mahema, hakuna anayesema kitu. Wakaweka sura hapo, wakachoma sahani sita mpya kwa gharama yao, na safari hii wakaipeleka ya kwanza wenyewe kwa mama ili ijaribiwe kwenye deki yake. Penye dakika ya 108 picha ilisimama kidogo, mguu wa mtu mmoja ukiwa hewani, halafu ikaendelea. Mama hakugeuka hata kuuliza. Dakika nane baadaye mzee alishika kipaza sauti, na alisema maneno yake yote.