Ukiulizwa Maoni, Mama, Unajibu ya Nani?

Mtanzania wa leo anaulizwa maoni mara nyingi kuliko alivyoulizwa bibi yake. Zimepita tume za Serikali zikiuliza habari za vyama na Katiba. Wapo maofisa wa takwimu wanaouliza habari za uzazi, afya na ndoa, na wapo watafiti wanaouliza kama tunaridhika na viongozi wetu, na kama maji, shule na barabara vinatutosha. Hata sisi wa Mgori, huku Singida, ambako mama huanza siku akifikiria maji na shamba la mtama au la alizeti, maswali hayo hutufikia.

Baadaye tunasikia redioni kwamba asilimia fulani ya wananchi wanataka hiki na asilimia fulani wanakataa kile. Viongozi hunukuu hesabu hizo, na kwa hesabu hizo mambo ya nyumbani kwetu huamuliwa. Je, ndani ya hesabu hizo wewe mama umo? Na kama umo, maoni yaliyoandikwa ni yako, au ni ya bwana, ya mama mkwe, au ya jirani aliyekuwa amesimama mlangoni?

Mgeni mwenye dodoso

Yafaa kwanza tuelewe jinsi kazi hii inavyofanyika. Upo uchunguzi wa maoni uitwao Afrobarometer, unaofanyika katika nchi nyingi za Afrika. Hapa Tanzania ulifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2001, na umerudiwa mara kadhaa tangu hapo. Kwa kawaida huhoji watu wapatao 2,400 tu wenye umri wa miaka 18 na zaidi, kutoka mijini na vijijini.

Mtu anaweza kucheka akisema, watu 2,400 watasemaje kwa niaba ya mamilioni? Lakini wewe mwenyewe hufanya hivyo kila jioni jikoni. Hunywi sufuria nzima ya mchuzi ili ujue kama chumvi imekolea. Unakoroga vizuri, unachota kijiko kimoja, unaonja. Kijiko hicho kinatosha, mradi umekoroga hadi chini. Usipokoroga utaonja mafuta ya juu peke yake.

Katika uchunguzi wa maoni, kukoroga maana yake ni kuchagua vijiji, nyumba na watu kwa bahati nasibu, bila upendeleo. Katika utaratibu wa Afrobarometer, mahojiano hufanywa kwa zamu: akihojiwa mwanaume katika nyumba moja, nyumba inayofuata atahojiwa mwanamke. Watu wazima wa jinsia inayotakiwa huorodheshwa, kisha mmoja huchaguliwa kwa kura. Kura ikimwangukia mama, ni yeye wa kujibu. Bwana akisema, "Niulize mimi, huyu hajui mambo hayo," mdadisi hawezi kukubali, hata kama bwana ndiye mwenye elimu kubwa zaidi nyumbani. Akikubali, sufuria haikukorogwa.

Hakuna dharau yoyote kwa baba hapo. Zamu yake yapo, katika nyumba nyingine. Ila mama anapomsukumia mumewe kiti na kurudi jikoni, sauti ya mwanamke mmoja imepotea, na pamoja nayo sauti za maelfu ya wanawake aliokuwa amesimama badala yao.

"Sijui" za aina mbili

Watafiti wameona kwamba katika maswali ya siasa wanawake hujibu "sijui" mara nyingi kuliko wanaume. Hapo kuna mambo mawili tofauti. Ipo "sijui" ya kweli, ya mtu ambaye hajapata habari. Hiyo si aibu, tena ni bora kuliko kubuni jibu. Lakini ipo "sijui" ya hofu, ya mtu anayejua vizuri sana ila anapima nani anasikiliza.

Mimi ni muuguzi, na kazi ya muuguzi ni kuuliza maswali kabla ya kutoa dawa. Kila muuguzi anajua kwamba mama akiulizwa mbele ya mama mkwe hutoa jibu moja, na mkwe akitoka nje hutoa jingine. Umlaze mgonjwa huyo kwa jibu la kwanza, utatibu ugonjwa usiokuwapo. Uchunguzi wa maoni nao ndivyo ulivyo: ukipewa majibu ya woga, hutoa dawa ya ugonjwa ambao haupo.

Sababu nyingine ya woga ni kudhani kwamba kila anayeuliza ametumwa na Serikali au na chama. Mdadisi anayefuata utaratibu atakueleza ametoka wapi, ataomba ridhaa yako, atakuambia kwamba jibu lako halitatangazwa kwa jina lako, na kwamba unaweza kuruka swali lolote. Asipokueleza, muulize. Akikutaka fedha, au akitaka kuandika namba ya kadi yako ya kupigia kura, mwombe aende kwanza kwa mtendaji wa kijiji.

Walio wachache nao walisikilizwa

Wako wanaosema, "Mimi ni mmoja tu, nitabadili nini?" Hao nawaomba wakumbuke mwaka 1991. Mwaka huo Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikazunguka Bara na Visiwani kuuliza kama nchi ibaki na chama kimoja au iwe na vyama vingi. Walitoa maoni watu zaidi ya 36,000. Kiasi cha asilimia 77 walitaka chama kimoja kiendelee. Waliotaka vyama vingi walikuwa kama asilimia 21 tu.

Kama ingekuwa ni kuhesabu vichwa peke yake, habari ingeishia hapo. Lakini Tume ilipima pia sababu zilizotolewa. Iliona kwamba wengi wa wale waliotaka chama kimoja nao walikuwa wanadai mabadiliko makubwa, na kwamba si busara kuwanyima nafasi wale walio wachache. Ikapendekeza vyama vingi. Mwaka 1992 sheria ilibadilishwa, na mwezi Oktoba 1995 tukapiga kura katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu nchi iwe ya chama kimoja.

Uwe ulipenda uamuzi ule au hukuupenda, fundisho lake ni moja. Yule mtu wa tano, aliyesimama kusema neno tofauti na wenzake wanne, hakupoteza muda wake. Angenyamaza, Tume isingekuwa na sababu za kupima.

Mdomo unasema hivi, mkono unafanya vile

Sasa tuje kwenye jambo gumu zaidi, linalotugusa wana Singida. Katika Utafiti wa Demografia na Afya unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wanawake huulizwa habari za ukeketaji. Mwaka 1996 wanawake waliokeketwa nchini walikuwa kama 18 katika kila 100. Mwaka 2015/16 walikuwa 10, na mwaka 2022 walikuwa 8. Katika mkoa wetu, utafiti wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 51, na ule wa 2015/16 asilimia 31.

Wanawake hao hao wanapoulizwa kama mila hiyo iendelee, zaidi ya tisa katika kila kumi waliowahi kuisikia husema ikome. Basi, kama karibu sote tunaikataa, ni nani anayeiendeleza?

Hapa ndipo tofauti kati ya maoni ya hadharani na maoni ya nyuma ya nyumba inapoonekana. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 15. Sheria hiyo imewazuia wengi. Lakini wengine wamefanya jambo la kusikitisha: wameacha kuwakeketa mabinti wakubwa, wakawageukia watoto wachanga, kwa sababu mtoto mchanga hawezi kusema.

Tena kuna kisingizio cha lawalawa. Tangu miaka ya 1970, huku Singida na Dodoma, mtoto wa kike akiwashwa au akitoka uchafu sehemu za siri, wazee wengine walisema ana lawalawa, na tiba yake ni kukeketwa. Akina mama, kama muuguzi nasema wazi: kuwashwa na kutoka uchafu ni dalili za maambukizo. Huanza mara nyingi kwa sababu ya usafi mdogo, hasa pale maji yanapokuwa ya shida, au katika njia ya mkojo. Msafishe mtoto kwa maji safi ukianzia mbele kwenda nyuma, mbadilishe nepi mapema, umlete zahanati apimwe na kupewa dawa. Kukata hakuponyi maambukizo. Huongeza kidonda, kutoka damu, pepopunda, na taabu siku atakapozaa.

Hesabu imeshuka, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini hakuna mtakwimu awezaye kujua sehemu gani ya kushuka huko ni mabadiliko ya kweli na sehemu gani ni midomo iliyofungwa kwa kuogopa polisi. Wanaojua ni akina mama wa nyumba ile. Tukidanganya dodoso, semina na wauguzi watapelekwa kwingine, na mtoto wa jirani atabaki na wembe.

Binti aolewe na miaka mingapi?

Jambo jingine ambalo maoni yetu yanatakiwa ni umri wa kuolewa. Mwaka 1969 Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo juu ya sheria moja ya ndoa, wananchi wakaujadili, na Sheria ya Ndoa ikapitishwa mwaka 1971. Sheria hiyo iliweka miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Bi Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi huo. Baada ya hapo Serikali ilieleza kwamba inahitaji kupata maoni ya makundi mbalimbali kabla ya kubadili sheria.

Unaona, mama, swali limerudi mlangoni kwako. Utafiti wa 2015/16 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, wapatao 31 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Wanawake hao wanajua ni nini kubeba mimba nyonga hazijakomaa, na ni nini kuacha daftari ukashika mwiko. Nani atatoa maoni yenye uzito kuliko wao? Lakini wakisema "muulizeni baba," atakayejibu ni yule aliyepokea ng'ombe.

Tuanzie wapi?

Si lazima tusubiri tume. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, na sheria inataka wanawake wasipungue robo ya wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji. Sisi wa Mgori tunajua kwamba sauti ya kijiji inaweza kufanya kazi. Katika miaka ya 1990 vijiji vitano vilivyouzunguka msitu wetu wa miombo vilikabidhiwa kazi ya kuulinda na kuusimamia, na watu walitoka mbali kuja kujifunza. Uamuzi wa namna hiyo ulipitia mikutano. Anayetafuta kuni na dawa za miti ni mama, basi na katika mkutano kama huo aseme.

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakaeleza shida yao ya urithi. Mungu alisema wana haki, na sheria ikatengenezwa. Hawakutukana mtu, wala hawakunung'unika kisimani tu. Walikwenda mahali panapohusika wakasema.

Kabla ya mkutano ujao wa kijiji, akina mama wa kikundi chako wakae nusu saa wakubaliane jambo moja la kusema, kama maji, zahanati au mabinti wanaoacha shule, na nani atalisema. Nyumbani, zungumza na bwana mapema, wakati wa utulivu, ajue kwamba kutofautiana naye katika jambo la kijiji si kumvunjia heshima. Msikilize redio pamoja. Waulize mabinti zako maoni yao wakiwa bado wadogo, nao wavulana wasikie dada zao wakijibu.

Na siku mgeni mwenye dodoso akibisha hodi, kura ikakuangukia wewe, mkaribishe. Omba mkae pembeni, chini ya mti, mahali msiposikika. Ambalo hujui sema hujui. Ambalo unalijua, liseme kama lilivyo.