Kishikwambi Chomboni: Programu Ipi Yaifaa Ghuba ya Speke?

Mtu akaaye Bariadi, katikati ya mashamba ya pamba na makundi ya ng'ombe, huweza kupitisha mwaka mzima bila kukumbuka kwamba mkoa wake una pwani. Lakini pwani ipo. Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, Wilaya ya Busega, iliyomegwa kutoka Magu, ilikuja na ukingo wake wa Ghuba ya Speke, na hadi leo ndiyo wilaya pekee kati ya tano za mkoa huo inayonawa uso kwa maji ya Ziwa Victoria. Kutoka makao makuu ya mkoa hadi Lamadi ni kilometa 70 na ushei za lami. Ni mwendo mfupi kwa gari, bali kwa mawazo ya ofisini waweza kuwa mrefu mno.

Twaandika haya kwa sababu kishikwambi si kitu kigeni tena katika vijiji vyetu. Makarani wa Sensa ya mwaka 2022 walikuja navyo hata visiwani, na baadaye walimu wakagawiwa. Kifaa kilichoweza kuhesabu watu kaya kwa kaya, mwenye chombo cha tanga ana haki ya kuuliza kama hakiwezi pia kumwonyesha njia ya kurudi nyumbani usiku. Jibu letu ni kwamba chaweza, lakini kwa masharti, na sharti kubwa kuliko yote liko katika programu itakayotiwa ndani yake.

Haja yenyewe haina ubishi. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao katika siku za giza, mwezi usipokuwapo, yaani wakati ule ule ambapo vilima vya Ukerewe na miamba ya mwambao, ambavyo mchana ndivyo dira ya kila nahodha, havionekani. Tena usiku ndio wakati wa tufani za ziwa hili. Mchana upepo huvuma kutoka majini kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya ziwa, na hewa yenye unyevu ikasukumwa juu hata ikawa mawingu ya radi kabla ya mapambazuko. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara husema kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Victoria, upande wa Tanzania, Uganda na Kenya kwa pamoja. Taifa zima lilijua habari za MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kikaua watu 228. Kivuko kile kilizidiwa na uzito, na hapana programu ambayo ingekiokoa. Lakini mtumbwi unaopotea njia usiku, ukavunjika juu ya mwamba, haupati hata mstari mmoja gazetini.

Kwanza tuondoe kosa moja lililoenea. Wengi hudhani kwamba kishikwambi kisichoshika mtandao wa simu hakiwezi kujua kilipo. Sivyo. Kipokezi cha GPS husikiliza setilaiti zilizo umbali wa kilometa 20,000 hivi juu ya dunia, na setilaiti hizo hazidai vocha. Kinachohitaji mtandao ni ramani, ikiwa haikuwekwa ndani mapema. Kwa hiyo anayenunua ahakikishe kwamba kishikwambi kina kipokezi hicho hasa, maana viko visivyo nacho. Kwa mfano, vile vya iPad visivyo na nafasi ya laini ya simu havina GPS. Huonyesha mahali vizuri vikiwa mjini, kwa kubahatisha kutokana na mitambo ya intaneti iliyo karibu, na vikifika katikati ya ghuba huwa vipofu. Kamati ya ununuzi isiyolijua jambo hili yaweza kununua vioo mia vya kutazamia picha.

Sasa programu. Ramani za Google, ambazo kila mwenye simu anazo, zimetengenezwa kwa ajili ya magari na waenda kwa miguu. Ukizifungua ukiwa majini utaona karatasi ya buluu na kitone kimoja, wala hutajua kama chini ya kitone hicho kuna pima kumi za maji au jiwe. Zipo programu za mabaharia, kama Navionics, ambazo hulipiwa kila mwaka na kusifiwa sana baharini. Ushauri wetu kwa yeyote anayeshawishiwa kuinunua ni mwepesi: kabla ya kutoa fedha, mwambie muuzaji akufungulie Ghuba ya Speke, akuonyeshe namba za kina kati ya Lamadi na Ijinga. Zikiwapo, uliza zilipimwa lini na nani. Zisipokuwapo, rudisha pochi mfukoni.

Swali la nani aliyepima si la ubishi tu. Programu na ramani ni vitu viwili. OpenCPN, kwa mfano, ni programu nzuri ya mabaharia, ya bure kwenye kompyuta, lakini yenyewe ni kama meza tupu. Ramani huna budi kuileta wewe. Na ramani za ziwa hili zina historia ya unyonge. Kamanda Whitehouse wa jeshi la majini la Uingereza alizipima pwani zake karibu na mwaka 1900, kwa kutupa bildi majini na kusoma kamba, na kazi yake ilibaki kuwa msingi wa ramani kwa miongo mingi. Tunaiheshimu. Lakini alipima kwa ajili ya meli zenye kwenda bandari hadi bandari, hakupima kwa ajili ya mtumbwi unaoingia mwaloni kupitia matete.

Kwa hali hiyo twaona kwamba programu inayofaa kwetu, kwa sasa, ni ile inayofanya mambo matatu: ifanye kazi bila mtandao, iandike njia chombo kilikopita, na imruhusu nahodha kutia alama zake mwenyewe na kuzitoa zipelekwe kwa mwingine. OsmAnd na Organic Maps zinatimiza hayo, na mtu aweza kuanza nazo bila kulipa. Zote mbili hutumia ramani ya OpenStreetMap, ambayo tangu mwaka 2004 imekuwa ikichorwa na watu wa kujitolea. Ramani hiyo nayo haina mwamba usioandikwa na mtu. Tofauti ni kwamba hapa mtu huyo aweza kuwa mvuvi wa Ukara.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa mijini hawalifikirii. Programu nyingi huchora mstari mmoja ulionyooka kutoka ulipo hadi uendako, nazo humlaumu kwa kengele yule anayeuacha. Chombo cha mashine chaweza kuufuata. Chombo cha tanga, upepo ukiwa wa mbele, huenda kwa bisho, mara kulia mara kushoto, na hata upepo ukiwa wa ubavuni husukumwa upande pole pole bila nahodha kuhisi. Kinachomfaa nahodha wa tanga ni kuona njia aliyokwisha kuipita ikijichora nyuma yake, na mshale wa mwendo wake halisi juu ya maji, aulinganishe na mahali omo inapoelekea. Tofauti kati ya mishale hiyo miwili ndiyo upepo unamwibia.

Juu ya kifaa chenyewe hatuna mengi ya kusema. Kioo hakionekani vizuri kwenye jua kali, na tone la mvua hukibonyeza kama kidole, hivyo kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki na programu iwe na njia ya kukifunga kisiguswe. Betri ya akiba ni lazima. Dira ya sumaku ibaki chomboni, kwani haijapata kuisha chaji.

Kazi kubwa iliyobaki ni ya ofisi, na hapa twasema na wakubwa wa Bariadi, Mwanza na Musoma kwa pamoja, kwa kuwa Ghuba ya Speke ni ya mikoa mitatu na mwamba haujui mpaka. Manahodha wazee wanaijua miamba yote kwa majina. Mvuvi hatakwambia mahali anapopata sangara, wala usimwulize; lakini mwamba uliomvunjia jirani yake chombo atakuonyesha bila malipo. Vishikwambi vichache, vikipelekwa pamoja na wazee hao mchana wa maji matulivu, vyaweza kuandika alama za ghuba nzima katika faili moja ndogo, ambayo kila chombo kingeipokea mwaloni kutoka simu hadi simu.

Maofisa watakaoifanya kazi hiyo wajihadhari na mitego miwili. Wa kwanza ni ramani za karatasi za Serikali, zile za kipimo cha moja kwa elfu hamsini zilizomo kabatini. Hizo zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, na GPS hutumia msingi mwingine, WGS 84. Namba za mahali zilizosomwa katika karatasi na kuandikwa kwenye kishikwambi bila kugeuzwa zitakosea kwa mita 300 hivi, na mita 300 gizani zatosha kuuweka mwamba mahali pa mlango.

Wa pili ni maji yenyewe. Ziwa hili lilipanda kwa zaidi ya mita mbili mapema katika miaka ya 1960, likashuka sana kufikia mwaka 2006, na mwaka 2020 likapanda tena hata likafikia kiwango cha mwaka 1964 na kukipita. Mwamba uliokuwa ukikaliwa na ndege mwaka 2006 leo waweza kuwa chini ya maji kwa kina cha mkono, na ndio mbaya zaidi. Kwa hiyo kila alama iandikwe pamoja na tarehe yake na usomaji wa kipimo cha maji cha siku hiyo, na faili zima lipitiwe upya kila ziwa linapobadilika kwa nusu mita. Nakala moja ikae Nyashimo, nyingine Nansio, na nyingine kwa mwenyekiti wa kila mwalo, ambaye ndiye huziona chombo zikitoka.