Sarafu ya Dhahabu ya Tabora ya 1916: Tofauti kati ya Asili, Marudio na Nakala

Katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, dhahabu hukadiriwa kwa uzito na usafi wake. Vigezo hivyo humtosha mnunuzi wa madini, lakini havimtoshi mkusanyaji wa sarafu. Mfano bora, nao uko jirani, ni sarafu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916.

Sarafu hiyo ilitokana na dhiki ya vita. Waingereza walikuwa wamefunga njia ya bahari, na utawala wa Wajerumani ukapungukiwa na sarafu. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba, ikapelekwa Tabora na kupigwa chapa katika karakana ya reli. Upande mmoja una tembo mbele ya milima, na upande wa pili una tai wa Ujerumani. Zilipigwa 16,198 tu, kabla Wabelgiji hawajauteka mji huo Septemba 1916. Kila moja ina gramu 7.168, na robo tatu yake ni dhahabu, yaani karati 18.

Uchache huo umeifanya itafutwe sana, na kitafutwacho sana huigwa. Hapa istilahi zina uzito. Marudio hupigwa na mamlaka ile ile iliyotoa sarafu, au iliyoirithi. Nakala hupigwa na yeyote mwenye mashine. Afrika Mashariki iliyafahamu marudio zamani: reale ya Maria Theresa iliendelea kupigwa Vienna ikiwa na mwaka 1780, muda mrefu baada ya malkia huyo kufariki, na wafanyabiashara wakaipokea kwa kuwa madini yake ya fedha yalikuwa yale yale. Utawala ulioitoa sarafu ya Tabora ulitoweka. Kwa hiyo ipigwayo leo, hata ikiuzwa kwa jina la marudio, ni nakala.

Nakala ya karati 18 yenye uzito uleule itafaulu kwenye mzani, na hata ikipimwa majini. Linalobaki ni kuichunguza chapa yenyewe kwa kioo cha kukuzia: herufi T ya Tabora, ncha za nakshi chini ya neno OSTAFRIKA, na vijitundu ambavyo huachwa na kalibu endapo sarafu ilimiminwa badala ya kupigwa.

Mnunuzi wa madini ataziona zote mbili kuwa gramu 5.376 za dhahabu safi. Hapo ndipo ilipo hasara kubwa kuliko ya kuuziwa nakala, kwani sarafu ya asili ikishaingia katika chungu cha kuyeyushia, hakuna kipimo kitakachoitambua tena.