Betri Iliyochemka

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo simulizi yetu haina sungura wala fisi. Ina kijana mmoja wa Mzenga, wilayani Kisarawe, kule inakopita reli ya TAZARA, na pikipiki yake ya kubeba mihogo, mkaa na abiria hadi Mlandizi, upande wa Kibaha.

Alfajiri moja kijana akabonyeza stata. Pikipiki ikalia ta-ta-ta-ta, kisha kimya. Akapiga kiki, ikawaka, akaenda zake. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu honi nayo ikawa inakoroma, indiketa zimeganda, basi akakata shauri: betri imekufa, nikanunue nyingine.

Hapo ndipo wengi wanapoliwa pesa. Betri ile ilikuwa mpya, haijamaliza hata miezi minne. Kwa bahati njema, alipofika Maili Moja, Kibaha, alimpitia kwanza mjomba wake, fundi pikipiki.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona umekunja uso asubuhi yote hii?"

"Betri imekufa. Naenda dukani kuchukua nyingine."

"Nani kakwambia imekufa?"

"Stata haizungushi."

"Hiyo inaweza kuwa njaa tu, na mwenye njaa si maiti. Fungua kiti tuipime."

Fundi akatoa mita, akagusisha ncha nyekundu kwenye kichwa chenye alama ya kujumlisha na ncha nyeusi kwenye kile cha kutoa. Mita ikasoma 11.8.

Ili mjue namba hiyo inasema nini, tuingie ndani ya betri. Lile sanduku la plastiki lina vyumba sita. Kila chumba kina sahani za madini ya risasi zilizozama kwenye maji yenye asidi ya salfa, na kila kimoja hutoa volti 2 na kidogo juu. Vyumba sita vikiunganishwa kwa mfululizo, betri iliyojaa na kupumzika inasoma 12.6 au 12.7. Betri ya kwanza ya namna hii aliitengeneza Mfaransa, Gaston Planté, mwaka 1859, wakati pikipiki ya petroli yenyewe haijazaliwa. Basi 11.8 ni betri tupu. Fundi alipomwambia kijana abonyeze stata huku mita ikiwa palepale, namba ikaporomoka hadi 7. Betri nzima haipaswi kushuka hivyo. Ikikaza msuli inabaki karibu na 10.

Akafungua vile vifuniko sita vya juu. Maji yalikuwa chini kabisa ya mstari wa chini, sahani ziko wazi, zimeota ukungu mweupe.

"Uliongeza maji lini?"

"Maji yepi, mjomba?"

Fundi hakujibu. Akaichomoa betri ile, akafunga yake ya gereji aliyojua ni nzima, akawasha injini na kuvuta mafuta taratibu, macho kwenye mita. Ikapanda 13, ikapanda 14, ikapita 15, ikaenda kusimama 15.8.

"Umemwona aliyeua?"

Injini inapozunguka, koili huzalisha umeme unaokwenda mbele na kurudi nyuma. Betri haiutaki umeme wa namna hiyo. Kati yao kuna kikopo kidogo chenye mapezi ya kupozea, kinaitwa rektifaya. Kazi yake ni mbili: kuugeuza umeme uende upande mmoja, na kuuzuia usizidi kipimo. Kwa pikipiki ya volti 12, injini ikivutwa mita inatakiwa isome kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na ushei, betri haipati chakula. Ikipita 15, inachemshwa: maji yanapasuka kuwa gesi na kutoroka, sahani zinabaki zinakauka. Kijana angefunga betri mpya asubuhi ile, ingekufa kwa ugonjwa uleule. Kwanza akanunua rektifaya. Mimi ningekuwa na mamlaka, duka lisingeuza betri kwa mtu ambaye hajapima chaji.

Kisha wakaenda dukani pamoja, betri ya zamani mkononi, maana ndiyo kipimo. Ubavuni iliandikwa 12N7. Hiyo 12 ni volti, na 7 ni ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachoweza kuhifadhi. Taa ya mbele ya wati 35 hula karibu ampea 3. Ukiiwasha injini ikiwa imezimwa, betri ya 7 itadumu saa mbili hivi, pengine pungufu. Pikipiki ya kiki tupu mara nyingi hutosheka na 5 au chini ya hapo, lakini stata inataka zaidi. Muuzaji alileta moja ya bei ndogo, yenye namba 5. Fundi akaisukuma pembeni. Akaletewa ya 7, lakini kichwa cha kujumlisha kiko upande wa pili. Waya mwekundu usingefika. Ya tatu ndiyo iliyolingana urefu, upana, kimo na upande wa vichwa.

Ilikuwa ya maji, kavu bado, na asidi yake kwenye chupa pembeni. Zipo pia zilizozibwa kabisa, hazidai kuongezwa maji, ila bei yake imechangamka. Kumimina asidi ni kazi ya mtu mzima, wajukuu zangu. Fundi aliifanya nje penye upepo, amevaa miwani, akajaza kila chumba mpaka mstari wa juu, akaacha nusu saa sahani zinywe. Halafu akaiweka kwenye chaja ya polepole, ampea 0.7, sehemu moja ya kumi ya ile 7. Hakuna sigara karibu, maana gesi inayotoka inalipuka. Asidi ikikurukia, maji mengi papo hapo. Siku za baadaye, kinachoongezwa ni maji yaliyokenekwa tu. Ya bomba yana chumvi.

Jioni ndipo wakafunga. Kuvua, waya mweusi hutangulia. Kufunga, waya mweusi huwa wa mwisho. Kijana akauliza sababu, na nafurahi aliuliza. Waya mweusi umeungana na fremu nzima ya pikipiki. Ukiwa bado umefungwa, na spana yako iko kwenye kichwa cha kujumlisha, ikigusa fremu tu umeme wote unapita kwenye spana: cheche, chuma kinaiva, mkono unaungua. Ukiuondoa mweusi kwanza, spana hata ikigonga fremu, haitokei kitu. Fundi akapaka grisi kidogo kwenye vichwa, akakaza kwa spana namba 10, akaelekeza mpira wa kupumulia chini, mbali na mnyororo, akaifunga betri kwa mkanda isirukeruke kwenye mashimo. Akawasha na kuvuta mafuta: 14.2.

Ile kuukuu je? Kijana alitaka kuivunja auze risasi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Fundi akamkatalia. Risasi ni sumu, na mtoto huathirika kuliko mkubwa, hasa ubongo. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia sumu wakazi na watoto wao. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo na ambaye mwanawe mdogo alikutwa na risasi mwilini, aliongoza mapambano mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Basi betri ile ilirudishwa dukani nzima, imesimama wima ndani ya ndoo, vifuniko vimekazwa, na muuzaji akampunguzia kijana bei kidogo.