Feni ya kompyuta inapogeuka mashine ya kusaga

SIKU hizi hapa Arusha machalii wengi hawanunui kompyuta ya mezani ikiwa nzima nzima. Wanaunga wenyewe. Huyu kapata kasha tupu kwa fundi pale mjini, yule kaletewa mazabodi na shangazi yake aliyetoka Dubai, prosesa imetoka kwenye mashine ya ofisini iliyouzwa kwa mnada. Jioni wanakaa na bisibisi, wanafunga, wanawasha, kioo kinawaka, shangwe! Lakini swali moja karibu wote wanalisahau. Hilo joto litatokea wapi?

Nina mshikaji wangu anakaa Sombetini, kazi yake ni kuhariri video za harusi, sendofu na kichen pati. Amepanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita. Nyumba zetu mnazijua: dari hakuna, ukuta umeishia chini ya kenchi, ukipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anakwambia "afya!" Sasa huyu bwana mchana yuko kwenye kupiga picha, usiku ndio anaiachia kompyuta itengeneze video mpaka asubuhi. Na ikianza kazi, feni zake zinalia kama mashine ya kusaga sembe.

Chumba cha pili yuko mama mwenye mtoto mchanga wa miezi miwili. Akavumilia wiki ya kwanza, ya pili akamwendea baba mwenye nyumba. Mzee akaja mlangoni, akasema kwa upole tu, "Kijana wangu, hiyo mashine yako ama uizime usiku, ama uitafutie kwa kuipeleka wewe pamoja nayo." Jamani, hapo ni kula na kulala vimegongana. Akizima, harusi ya Jumamosi haitoki na wateja wanahama. Akiacha, anahama yeye.

Akaniita nikamwangalizie. Mimi si mhandisi, nimeishia kidato cha nne, ila kompyuta nimeunga kadhaa na kusoma sana habari zake.

Kwanza tujue kelele inatoka wapi. Zamani mambo hayakuwa hivi. Prosesa za Intel 486 zilizotoka mwaka 1989 nyingi zilifanya kazi bila feni kabisa. Ilipokuja Pentium mwaka 1993 ikala wati 15 hivi, watu wakasema duh, hii inachoma, ikawekewa kifeni. Leo Core i9-14900K, ya mwaka 2023, ikibanwa kazi inaruhusiwa kufika wati 253. Hizo ni balbu mbili na nusu za zile za zamani za wati 100, zimebanwa kwenye kitu kisichozidi ukubwa wa kiberiti. Kila wati iliyoingia lazima itoke kama joto, na njia yake ni feni. Joto likikaribia nyuzi 100, prosesa inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue, likizidi inajizima. Mshikaji ilishamzimikia saa tisa usiku, asubuhi bibi harusi anapiga simu.

(Kwa wale vijana wenzangu wasiojua: nchi hii mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta. Wazee wetu hawakupata hata nafasi ya kusumbuliwa na feni.)

Halafu kuna hili la kwetu la milimani. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hapa chini ya mlima Meru. Hewa yetu ni nyepesi, karibu asilimia 15 chini ya ile ya Dar es Salaam. Feni inazunguka mizunguko ile ile, lakini hewa inayosukuma ina uzito mdogo, kwa hiyo inabeba joto kidogo zaidi ya nusu kikombe pale ilipotakiwa kubeba kikombe? La, si kwa kiasi hicho, msiogope. Chukua mfano. Prosesa inayopanda nyuzi 45 juu ya joto la chumba kule Dar, hapa itapanda kama 50. Ila chumba cha Dar kina nyuzi 32, jumla 77. Cha Arusha jioni kina 20, jumla 70. Baridi yetu inatuokoa. Julai tunapolala na mablanketi mawili, kompyuta inastarehe. Ngoja Februari mchana, chini ya bati lisilo na dari, ndipo utajua.

Adui mkubwa kwetu si mwinuko, ni vumbi. Udongo wetu ni wa volkano, ukikauka unakuwa laini kama unga wa muhogo. Upepo ukitoka upande wa Kisongo kiangazi, hata chai unakunywa na vumbi. Nilipofungua kasha la mshikaji, ule mgongo wa vyuma vyembamba vinavyonyonya joto la prosesa ulikuwa umeziba kama umevishwa sweta. Hewa haipiti. Feni inazidisha mbio, kelele inapanda, joto haliteremki.

Mafundi wetu wana dawa tatu wanazozipenda. Ya kwanza ni kuvua ubavu wa kasha, kompyuta ibaki uchi. Hii siipendi. Kelele yote inatoka nje, vumbi lote linaingia ndani. Ya pili ni kuielekezea feni ya mezani, yaani umeongeza kelele juu ya kelele. Ya tatu ni kubandua ile karatasi katikati ya feni na kudondosha tone la mafuta ya cherehani. Hiyo nawapa maksi zao, kwa feni za bei rahisi zilizokauka inasaidia. Lakini ni ya kuvushia miezi michache tu wakati unatafuta feni mpya.

Sisi tulianza na kusafisha. Brashi laini ya rangi, mpya, na kipulizi cha kuazima. Tukaifanya nje uani na si chumbani, na kila feni tukaishika kwa kidole isizunguke, maana ukiipuliza ikaenda mbio unaweza kuiharibu. Tukafuta ile pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa, ilikuwa imekauka kama ugali wa jana, tukapaka mpya kiasi cha punje ya njegere.

Pili ikawa hewa. Fikiria jiko la mkaa. Mlango wa chini unaingiza hewa, joto linatokea juu. Ukiziba chini, hata upepee na mfuniko mpaka mkono uchoke, moto hauchangamki. Kasha la mshikaji lilikuwa na feni tatu ndogo za milimita 80, zote zinatoa, hakuna inayoingiza! Tukazing'oa, tukaweka mbili za milimita 120, ya mbele inaingiza na ya nyuma inatoa.

Hapa kuna siri ambayo wauzaji wengi hawakwambii. Feni ya 120 ikizunguka sawa na ya 80 inasukuma hewa zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo pale ndogo inapohitaji mizunguko 3,000 kwa dakika, kubwa inatosheka na 900 hivi. Na kelele inafuata mwendo: ukipunguza mwendo wa feni kwa nusu, sauti inashuka kama desibeli 15, sikio linasikia tofauti hiyo waziwazi. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 1999 lilisema kelele ya mfululizo chumbani kwa kulala isizidi desibeli 30. Feni ndogo zikipiga mbio zinapita hapo bila hodi.

Mbele ya feni ya kuingiza tukavuta soksi ya nailoni ya kike, ile nyembamba, ikawa chujio. Msicheke. Bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai, na kila Jumapili anaivua na kuifua. Dukani aliulizwa ni ya shemeji namba gani, akakosa la kusema.

La tatu halikugharimu hata senti. Tuliingia kwenye bayosi tukaipunguzia prosesa ulafi, isivuke wati 65. Video iliyokuwa ikichukua saa tatu sasa inachukua kama saa tatu na nusu. Nusu saa ya usiku, yeye amelala, inamdhuru nini? Jirani naye anasema mtoto analala, ila sasa baba yake ndiye anayekoroma. Hiyo si kazi yangu.

Kilichobaki ni diski ya zamani iliyokuwa ikiunguruma kwenye mbao za meza. Tumeikatia vipande vinne vya ndala iliyochakaa, tukaikalisha juu yake, kimya.

Sehemu moja niliwakataza na nawakataza nanyi: paua saplai. Feni yake nayo inalia, na fundi wa kijiweni atakwambia tuifungue tuipake mafuta. Ndani yake mna vihifadhi umeme vinavyoweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Ikilia sana, ng'oa boksi zima uweke jingine. Ukinunua la mtumba, liwashe palepale dukani, kaa nalo dakika kumi, weka sikio karibu, ndipo utoe hela.