Ziwa Édouard: ndege wa safari hawajui mpaka, wavuvi wanaujua sana

Kila mwaka, baridi inapoanza Ulaya na Asia, mamilioni ya ndege huondoka kwenda kusini kutafuta chakula. Wengi hufuata mto Nile na maziwa ya Bonde la Ufa. Ndiyo maana mkaaji wa Vitshumbi au Kyavinyonge, jimboni Kivu Kaskazini, huona mbayuwayu na buabua ambao miezi michache nyuma walikuwa wakilea makinda mbali sana na hapa.

Kwa ndege hao ziwa Édouard ni moja. Kwa serikali ni mawili: sehemu kubwa iko Congo, ndani ya mbuga ya Virunga, na iliyobaki iko Uganda, karibu na mbuga ya Queen Elizabeth. Mvuvi wa Congo anayevuka mstari huo usioonekana majini anaweza kukamatwa. Ndege havuki chochote.

Mapatano yapo. Uganda iliandikisha ziwa George, jirani ya Édouard, katika mkataba wa Ramsar wa kulinda maeneo yenye maji mwaka 1988. Congo ikaandikisha Virunga mwaka 1996. Mwaka 2005, mjini Goma, mawaziri wa Congo, Rwanda na Uganda waliahidi kulinda kwa pamoja mbuga zinazopakana.

Lakini ahadi ya Goma inahitaji walinzi, na upande wetu zaidi ya 200 wameuawa Virunga. Tangu 1994 UNESCO inaihesabu mbuga hii kati ya urithi ulio hatarini.

Msomaji atauliza: wenye njaa wana habari gani na ndege wa Ulaya? Wanayo. Matete yanayompa ndege mahali pa kupumzika ndiyo yanayowaficha tilapia wachanga. Tena viboko, ambao kinyesi chao kinalisha ziwa, walikuwa zaidi ya 20 000 miaka ya 1970. Katikati ya miaka ya 2000 hawakufika 1 000. Wavuvi wazee hawahitaji mtaalamu kuwaeleza nyavu zilivyokuwa nyepesi baada ya hapo.

Kila Januari nchi nyingi huhesabu ndege wa maji, kisha hulinganisha matokeo. Kazi hiyo inataka mtu asimame kando ya ziwa asubuhi nzima, na darubini mkononi. Mahali penye watu wa silaha, nani atathubutu kuinua darubini?